Land Rover ya baba mdogo, milioni 20 kwenye karatasi na milioni 7 mezani

Baba yangu mdogo ana Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, bodi ya alumini, kijani ile ile ya zamani, aliachiwa na babu na kaifufua mwenyewe kidogo kidogo kwa miaka sita. Mwaka jana pale Usa River Fuso ikaichana gari ubavu mzima na kuisukuma mpaka mtaroni, chesisi ikapinda nyuma, na Fuso yenyewe haikusimama mpaka leo. Yeye alitoka mzima, tunamshukuru Mungu. Bima yake ni kubwa, gari kaikatia kwa milioni 20, kwa hiyo sote tulijua hapo mambo yako sawa.

Mtathmini akaja gereji, akapiga picha, akaandika. Siku chache baadaye majibu: thamani ya soko milioni 7, matengenezo milioni 5 na laki 4, kwa hiyo gari inahesabika imekufa, analipwa milioni 7 ukitoa ekses (ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe) na mabaki yanakuwa ya kampuni. Nyumbani siku hiyo palikuwa kama kuna msiba.

Tangu hapo nimeongea na watu wa bima, na broka mmoja, na mafundi wa Arusha wanaozijua hizi gari kwa sauti ya injini tu, na kwa kweli kila upande una hoja yake, ila kuna sehemu moja naona bima wanakosea na inaumiza sana wenye magari ya aina hii.

Nianze na hoja yao maana watu wengi hawataki kuisikia. Bima kazi yake ni kukurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, sio kukutajirisha. Ile milioni 20 ni dari, yaani hawatavuka hapo, lakini hakuna aliyeahidi kukupa yote. Baba mdogo aliposema ametumia milioni 18 kuifufua wakamjibu kwamba ulichotumia sio bei, mtu anaweza kujenga nyumba ya milioni 200 kijijini na siku ya kuuza akakosa hata wa milioni 60. Hapo wako sahihi, iniume nisiumie. Na kuna jingine, mtu akikatia gari kuukuu bima mara tatu ya bei yake, siku hela zikimbana, hiyo gari ina thamani zaidi ikiungua kuliko ikitembea. Mambo hayo yapo na hasara yake tunailipa wote kwenye ada. Kwa hiyo kampuni kuwa na wasiwasi na gari ya miaka karibu 50 sio roho mbaya.

Sasa tuje kwenye ile milioni 7, imetoka wapi? Mtathmini alichukua bei za gari kuukuu kwa ujumla, akakata uchakavu kwa umri, basi. Kwa IST au Noah hiyo hesabu inafanya kazi maana kila mwaka bei inashuka na zipo nyingi, unafungua simu unaona mia. Series III ziliacha kutengenezwa 1985, na Defender zilizofuata baada yake, za mtindo ule wa zamani, nazo zikafungwa Solihull kule Uingereza Januari 2016, kwa hiyo zilizobaki ndio hizo. Gari ya namna hii bei yake ilishafika chini kabisa, sasa inapanda ikiwa nzima na ina vitu vyake vya asili. Oktoba 2024 Arusha kulikuwa na tamasha la Land Rover, uliona msafara ule, watu walivyozing'arisha? Zile hazishindanishwi bei na Noah ya yadi. Ukitaka kujua bei ya ng'ombe wa mbegu huendi kuuliza buchani kilo shilingi ngapi.

Na hapa ndio penyewe. Bei ikiandikwa ndogo haipunguzi hela tu, inaua gari. Kampuni ikiona gharama ya matengenezo imevuka kiasi fulani cha thamani, nusu hivi au zaidi, wengine sabini kwa mia, wanaona afadhali walipe wachukue mabaki. Milioni 5.4 kwa gari ya milioni 7 ni zaidi ya robo tatu, imekufa. Lakini hiyo hiyo 5.4 kwa gari ya milioni 13 ni chini ya nusu, inatengenezwa! Ajali ni ile ile, bamba la ubavu lile lile, chesisi ile ile, kilichobadilika ni namba moja aliyoiandika mtu ambaye pengine hajawahi kununua 109 maishani mwake. Wao wanasema gari za zamani ukishazifungua unakuta makubwa zaidi na gharama inapanda, na ni kweli, chesisi za hizi ni chuma na zinaoza kutokea ndani, lakini hiyo ni sababu ya kumleta fundi anayezijua aigonge na nyundo asikilize, sio sababu ya kushusha bei.

Kinachoniuma zaidi ni ada. Kwa asilimia 3.5 ya milioni 20 ni laki 7, weka VAT ya asilimia 18 inakuwa 826,000 kwa mwaka, na kalipa miaka minne bila kudai hata kioo. Kwa gari ya milioni 7 angelipa 289,100. Siku ya kupokea hakuna aliyekuja kuiangalia wala kuuliza hiyo 20 umeitoa wapi, siku ya kulipa ndio macho yakafunguka. Wanajibu kwamba fomu anajaza mteja na anatakiwa aseme ukweli, sawa, lakini kama unaona kwa picha tu kwamba ni milioni 7 basi ungeona siku ile pia.

Wenzetu Uingereza na Marekani gari hizi wanazikatia bima ya thamani mliyokubaliana kabla, unapeleka picha na tathmini, mara nyingi chama cha wenye gari hizo kinakuandikia, na ikifa inalipwa ile namba bila mjadala. Sio bure lakini, unabanwa kilomita za mwaka, inalala ndani ya geti, na tathmini inarudiwa. Fomu ya kawaida ya huku kwetu ni thamani ya soko, kwa hiyo ukitaka hiyo nyingine lazima uiombe na iandikwe kwenye mkataba, maneno ya ajenti kwenye simu hayatoshi. Na usiende upande wa pili ukakatia chini kuokoa ada, mikataba mingine gari ya 20 ukiikatia kwa 10, hasara ya milioni 6 wanakulipa 3.

Baba mdogo hakusaini ile hati ya kukubali malipo. Hilo ndilo lililomuokoa, maana ukishasaini umemaliza, hata TIRA (mamlaka inayosimamia kampuni za bima) au yule msuluhishi wa migogoro ya bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009 atakuuliza mbona ulikubali. Akaandika barua, akalipia mtathmini wake, akaambatanisha picha za matengenezo yote na risiti, na hati za mauziano ya 109 tatu zilizouzwa Arusha na Moshi. Wiki saba baadaye wakakubali milioni 13 kama thamani, na kwa thamani hiyo gari ikawa ya kutengenezwa. Yeye bado anasema ni 18. Mimi naona 13 iko karibu na haki, hatujakubaliana mpaka sasa.

Ugomvi uliofuata ni wa spea, walitaka kumkata uchakavu kwa mlango mpya na bamba jipya la ubavu, yaani kipya kikiingia kwenye gari kuukuu sehemu ya bei abebe yeye, akakataa vipya, akatafuta vya 109 iliyokufa Moshi, alumini ile ile ya enzi zake. Fundi wiki hii ananyoosha chesisi.