Mwezi unajizungusha jamani, tuache kusema umesimama

Kuna hii kauli inarudiwa sana, eti Mwezi haujizungushi ndo maana tunauona upande mmoja tu miaka nenda rudi, na mimi inanikera kweli kwa sababu mambo yako kinyume kabisa. Usingekuwa unajizungusha, kila ukimaliza raundi moja ya kuizunguka Dunia tungekuwa tumeshauona wote, mbele na nyuma. Unajizungusha kwenye mhimili wake kwa siku 27.3, na siku hizohizo 27.3 ndo unazotumia kutuzunguka, basi kadiri unavyosogea unageuka kwa kiasi kilekile na uso unabaki kwetu. Ule upande wa nyuma wala sio wa giza, Jua linaupiga karibu wiki mbili mfululizo kama huu wa huku, na picha zake zipo tangu 1959, chombo cha Wasovieti Luna 3 kilizipiga.

Sasa wapo wanaokubali hapo halafu wanasema basi ni bahati tu namba zimelingana. Hapana, hapa ndo penye utamu wote! Graviti ya Dunia inauvuta upande wa karibu kwa nguvu kuliko upande wa mbali, kwa hiyo Mwezi unarefuka kidogo, unatoa uvimbe, na zamani ulipokuwa unajizungusha kasi zaidi ule uvimbe ulikuwa unapitiliza kidogo na Dunia inauvuta urudi, unapitiliza inauvuta, miamba inasuguana ndani kwa ndani inatoa joto, ni breki ya polepole mno, mpaka mizunguko miwili ikalingana, ndo tunasema Mwezi umefungwa. Miezi minne mikubwa ya Mshtarii imefungwa hivyohivyo. Pluto na mwezi wake Charon wamefungana wote wawili, siku 6.4, hakuna anayemgeuzia mwenzake kisogo.

Ila kwangu mimi Utaridi ndo kiboko. Kwenye miaka ya 1880 Schiaparelli, mtu makini sana wa darubini, aliiangalia akaona nayo imefungwa na Jua, siku 88 kuzunguka na siku 88 kujizungusha, na watu wakalibeba hilo miongo kwa miongo hadi 1965, radar ya Arecibo kule Puerto Rico ilipoonyesha ni kama siku 59 tu. Yaani inajizungusha mara tatu kila inapolizunguka Jua mara mbili, kwa sababu njia yake ni ya yai na breki inakaza zaidi ikiwa karibu na Jua. Matokeo yake, kutoka Jua kuchomoza hadi kuchomoza tena ni siku 176 za kwetu, siku moja inameza miaka miwili ya hukohuko!

Ndo maana naona wanaofundisha watoto waanze kwa kuuliza "inajizungusha ukilinganisha na nini?" Hata Dunia, ukiipima kwa nyota inamaliza raundi kwa saa 23 na dakika 56, zile dakika nne zinaongezeka kwa sababu tumeshasogea kwenye njia yetu kwa hiyo inabidi tugeuke kidogo tena ili tulikute Jua palepale. Mtoto akiishika hiyo, Mwezi hautamsumbua, Utaridi haitamsumbua, hata Zuhura inayojizungusha kinyumenyume kwa siku 243 ataielewa mwenyewe bila kukaririshwa.