Mwaka huu tena hatuendi kuhesabiwa

Simu huanza katikati ya Novemba. "Mnakuja?" Mchaga akiulizwa hivyo haulizi wapi wala lini. Desemba ikifika Dar es Salaam inapumua, mabasi ya Moshi yanajaa, na nchi nzima inatutania kwamba tunakwenda kwetu Kilimanjaro kuhesabiwa. Sisi tuko Minneapolis, Marekani, na mwaka huu tena jibu langu ni kwamba hatuji. Tutahesabiwa hapa hapa: watu wanne, vyumba viwili.

Nauli ni sababu, sikatai. Kwa bei ya tiketi nne za Desemba unapata gari kuukuu linalotembea. Ila nisijifiche nyuma ya nauli. Nimeanza kuipenda likizo hii ya baridi, zile wiki mbili za kujifungia ndani na watoto wadogo shule zikiwa zimefungwa, na naona wazazi wenzangu wa huku tunajinyima utamu wake. Ama tunazigeuza siku za kuchuma, ama siku za kusononeka kwamba hatuko Marangu.

Hilo la kuchuma nalijua vizuri. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee. Pale nilipo mimi, shifti ya Krismasi inalipa mara moja na nusu, kwa hiyo tunaigombania. Niliipiga miaka minne bila kukosa. Mwaka jana, wakati najiandaa kuomba ya tano, binti yangu wa miaka mitano akaniuliza kama wale wazee hawana watoto wao. Nikamwambia wanao. "Sasa wako wapi?" Nikatafuta la kusema, nikaishia kumtuma aniletee soksi. Shifti sikuiomba.

Nikabaki nyumbani, na siku mbili za kwanza nilijuta. Mchana wa hapa mwishoni mwa Desemba haufikishi hata urefu wa saa tisa; saa 11 jioni jua limeshazama. Kuvaa tu ni kazi: soksi jozi mbili, suruali juu ya suruali, mabuti, koti, kofia, glavu. Mdogo, ana miaka mitatu, alipofungwa zipu ya mwisho akasema anataka kukojoa. Tukaanza upya.

Nje ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, na watoto wakagundua jambo ambalo katuni haziwaambii: theluji ya baridi kali haishikani. Ukiifinyanga inamwagika kama sembe. Inataka baridi ilegee mpaka karibu na sifuri, iloe kidogo, ndipo ikubali kuwa mpira. Binti akakataa kurudi mikono mitupu. Akaishindilia kwenye sufuria ya ugali, tukaingia nayo ndani, tukaiweka mezani, tukakaa kuitazama. Ndiyo, kuitazama. Karibu saa nzima, watu watatu na sufuria. Ikanywea kama mchicha jikoni, na mwisho pakabaki maji ya vikombe viwili hivi, na jani moja kavu. Mdogo akachungulia chini ya meza. "Nani kainywa?"

Hakuna mahali nilipolipa kiingilio pakanipa saa kama ile.

Siku nyingine mama yao alikaanga maandazi madirisha yote yamefungwa, maana nani atafungua dirisha kwa baridi ile? King'ora cha darini kikalia. Nikawa napunga taulo huku nafoka, "Moshi! Moshi!" Binti akatoka chumbani mbio: "Bibi kapiga?"

Kutoka kwa maana ya kutoka tulitoka mara moja, kwenda Como Park kule St. Paul, kwenye jumba la vioo la mimea lililofunguliwa mwaka 1915. Hakuna kiingilio, unachangia ulichonacho. Mlangoni miwani yangu ikaingia ukungu, harufu ya udongo mbichi ikatupokea, tukavua makoti, tukakaa kwenye benchi chini ya miti ya jamii ya mnazi bila kusemeshana. Tukarudi.

Najua nitakayoambiwa: watoto wanakosa. Wanakosa kweli. Hakuna sufuria ya theluji itakayofidia binamu kumi na wawili wanaokimbizana mgombani, au kumwona babu akigawa nyama, kila mtu na kipande chake kinachojulikana. Mimi mwenyewe siku ile wanayochinja mbuzi kule nakuwa mtu wa kununa. Lakini kununa huko ni kwangu, si kwa watoto, na nimeacha kuwapikia mtori huku nawasimulia jinsi ulivyo mtamu zaidi kwingine. Waule tu ulivyo.

Jambo moja tu la Desemba ya kwetu nimeling'ang'ania, nalo ni mkesha wa mwaka mpya. Moshi iko mbele yetu kwa saa tisa. Maana yake mwaka mpya wa nyumbani huingia hapa saa 9 alasiri, watoto wakiwa macho na wameshiba. Mwaka jana tulipiga simu ya video dakika chache kabla. Mama alikuwa ametoka ibada, kajifunika shuka kichwani. Tukahesabu pamoja, mdogo akaruka namba saba, tukapiga vigelegele, jirani wa chini akagonga dari yake.

Kisha binti akamwonyesha bibi yake theluji kwenye kopo la aiskrimu. Mama amezaliwa chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kila asubuhi ya maisha yake akifungua mlango na mawingu yakikubali, anaiona theluji ile juu, na hajawahi kuigusa. Akasogeza uso kwenye simu mpaka tukabaki tunaona paji tu.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Inanukaje?"

Binti akanusa. "Kama friji."

Mama akacheka. "Basi niwekee kidogo. Ya kwetu huku inaisha."

Alikuwa anatania, ingawa si uongo, barafu ya mlimani inapungua kila mtu akiona. Lakini watoto hawajui utani wa namna hiyo. Kopo lile liko kwenye friza mpaka leo, chini ya samaki, na kila anayetafuta samaki anaulizwa kama halijafunguka.