Sikununua Pawasaplai, Nilinunua Feni

Kompyuta yangu haikufa, iliuawa. Na muuaji nilimleta mwenyewe, nikambeba kwapani kutoka Digo Road mpaka Majengo, hapa Mombasa, njia nzima nachekacheka kama mtu aliyeokota pochi.

Nina kibanda cha kuchapa. Natoa kopi za vitambulisho, naandika barua za kuomba kazi, najazia watu ritani za kodi ya mshahara wasioupata, na zaidi ya yote nachapa kadi za harusi. Kadi ndizo zinazonunua unga.

Pawasaplai ya zamani, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta stima, ilianza kuchoka pole pole. Ukibonyeza kitufe, mashine inafikiri kwanza. Siku nyingine inazima katikati ya jina la bwana harusi, halafu inajiwasha yenyewe bila kuambiwa. Hapo ndipo mtaa mzima ulipogeuka daktari. Mke wangu akasema ni virusi. Jirani yangu muuza mishikaki akasema ni stima za hapa. Mzee wa kahawa akanikumbusha kwamba nyuma ya kibanda palikuwa na mbuyu zamani, basi nisome. Nilisoma. Wateja nao walikata shauri moja tu: "Sipiyu imekufa." Huku kwetu lile kasha lote ni sipiyu.

Fundi alipokuja alisema maneno machache. "Ami, pawasaplai hii imechoka. Tafuta nyingine, yenye uzito." Mimi nikasikia "tafuta nyingine". Hilo la uzito lilipita na upepo.

Dukani kulikuwa na mbili. Moja shilingi 4,800, moja 1,200. Zote zimeandikwa wati 500, kwa herufi za kung'aa, na ile ya 1,200 ndiyo iliyong'aa zaidi. Nikapiga hesabu yangu ya kichwani: kilo ya sukari ukiinunua Nyali au Kongowea, si kilo ile ile? Basi wati ni wati. Muuzaji hakunidanganya, nisimsingizie. Hakusema neno. Aliniangalia tu, vile unavyomwangalia mtu anayevuka barabara huku anasoma simu.

Nikaifunga mwenyewe. Feni ikalia vruu, upepo safi. Kila asubuhi nikiweka kiganja nyuma ya mashine, nikihisi ule upepo, najiambia: hii ndiyo pawasaplai. Nilikuwa naukagua moyo wa mgonjwa kwa kumpapasa pua.

Wiki ya tatu, Ijumaa, kaskazi imepamba moto, jasho linatoka hata ukiwa umekaa. Mama wa harusi ameagiza kadi 400, maua ya dhahabu, jina la bi harusi limebadilishwa mara mbili. Nimebakisha kuchapa. Stima ikapotea. Ikarudi. Ikapotea. Ikarudi. Sisi tumezoea. Mwaka 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kule Gitaru, kwenye kituo cha kuzalisha stima, Kenya nzima ikaingia gizani, na tumbili mwenyewe akapona! Mara ya tatu stima iliporudi kwangu, nikasikia paa! kama nazi imedondokea mabati. Ikafuata harufu ya plastiki na samaki aliyelala. Kwangu mimi hakupona hata tumbili.

"Jirani," muuza mishikaki akaita, "kinachoungua ni chako au changu?"

Fundi akaja na waya wa kubania karatasi. Akaichomoa pawasaplai kutoka kwenye mashine, akaunganisha ule waya wa kijani na mmoja mweusi, akaitia soketini. Feni ikazunguka! Nikaruka. "Si nzima hiyo?"

Hakunijibu. Alitoa mita. Waya wa njano unatakiwa utoe volti 12, ukizidi sana 12.6, ukipungua sana 11.4. Ulisoma 14 na ushei. Mwekundu unatakiwa 5, na ukifika 5.25 umeshafika ukingoni. Ulisoma 6.3. Nikamwambia, si vizuri, ametupa ziada? Fundi akafunga macho kidogo. Akanieleza kwamba feni haijui lolote. Ukiizidishia volti inafurahi, inazidi kuzunguka. Wenye kuumia ni ile bodi kuu, yaani madabodi, pamoja na memori na diski. Pawasaplai ya maana ikiona volti zimepanda hujizima yenyewe, ikafa peke yake kwa heshima. Yangu ilichukua na majirani.

Nikanyoosha mkono niifungue. Akanipiga kofi la kidole, na mimi namshinda umri miaka ishirini. Kumbe mle ndani mna kapasita kubwa inayohifadhi stima ya ukutani. Zile volti 240 zikishanyooshwa zinakaribia 340, na hata ukichomoa plagi zinaweza kubaki humo zinakungoja. Tukasubiri, akaitoa moto kwa njia zake, ndipo akafungua.

Nimeona nyumba za kupanga zenye vitu vingi kuliko lile kasha. Kwenye bodi kuna nafasi zimeandikwa namba, lakini kifaa hakuna, kama darasa siku ya mvua. Pale panapotakiwa kuzuia mpigo wa stima ikirudi kwa kishindo, wamepitisha kijiwaya tu, haya, pita ndugu. Kapasita ndogo zimevimba vichwa kama mahamri, moja imepasuka na kutoa maji ya kahawia. Joto ndilo linalozimaliza, anasema fundi. Kila nyuzi kumi zikizidi, umri wake hupungua nusu. Sasa niambie, Mombasa hii, kibanda cha mabati, nyuzi kumi si ndiyo salamu? Tena ongeza vumbi lenye chumvi ya bahari, likilowa unyevu linapitisha stima pasipotakiwa.

Simu ikaita. Mama wa harusi. Nikamweleza habari za kapasita, kwa upole, na za volti 6.3. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, mimi nimeagiza kadi."

Madabodi, kwisha. Memori, kwisha. Diski imenyamaza kimya, na kadi zimo humo. Fundi akavaa miwani ya kukuza, akaigeuza diski, akanionyesha kidude cheusi kando ya soketi ya stima, kidogo kuliko punje ya mchele. Diodi. Volti zilipozidi ilijitoa mhanga: ikapiga shoti, ikameza ile ziada isifike ndani. Akaing'oa kwa kibano, akaitia diski kwenye kompyuta yake yeye. Nikasikia inaanza kuzunguka, ile sauti ya wiii. Nilikaribia kumkumbatia.

"Nakili sasa hivi, ami. Haina mlinzi tena."

Nikanakili kadi kwanza, picha za ndoa yangu baadaye. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Hilo nalo nimelilipia, lakini si kwa shilingi.

Kadi zilitoka Jumapili usiku. Nilikuwa nimeokoa shilingi 3,600 dukani, mnakumbuka. Nikanunua madabodi ya mtumba, memori, nikamlipa fundi, na ile pawasaplai ya 4,800 nikainunua vile vile, tena safari hii niliipitisha kwenye mizani ya duka la nyama. Ile iliyokufa nikaipima kando yake. Mwenye nyama akaniuliza, "Hii nyingine ni mapafu?"

Fundi alitaka kuitupa yote. Muuza mishikaki akaomba feni. Akaiunganisha na betri ya pikipiki, akailekeza kwenye makaa, akaachana na kile kipepeo cha ukili. Jioni hizi moto wake unawaka mwekundu tangu magharibi, foleni inafika mlangoni kwangu, na kila mtu anasifu ule upepo. Jana nami nikapanga foleni, nikala mishikaki mitano. Nikamwambia anipunguzie, maana ile feni ni yangu, shilingi 1,200.

Akageuza nyama bila haraka. "Ami, feni nimepewa. Nyama nimenunua."