Patmo: pango na monasteri visiwe na sheria moja

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anakijua kisiwa hiki kwa jina la Patmo, mahali Yohana alipopata maono ya Ufunuo. Ni kisiwa kidogo cha Ugiriki, karibu na pwani ya Uturuki. Hakina uwanja wa ndege. Kiangazi, meli za kitalii hutia nanga katika bandari ya Skala, abiria hupandishwa mlimani kwa mabasi, wakaona pango ambamo yasemekana Yohana alipata maono hayo, na monasteri yenye jina lake, kisha wakakimbilia melini. Wapo wanaosema hiyo ni kuidhalilisha ibada. Wengine wanasema nyumba ya Mungu haina mlango wa kufunga.

Hoja ya hawa wa pili ina uzito. Monasteri ya Mtakatifu Yohana haikuzaliwa mafichoni. Mwaka 1088 Kaisari Alexios I Komnenos wa Dola ya Roma ya Mashariki alimpa mtawa Christodoulos kisiwa kizima, na waraka wenyewe ungalipo katika makumbusho ya monasteri. Zile kuta zinazofanana na za ngome zilijengwa kuwazuia maharamia. Mahujaji walipokelewa, na mji wa Chora ukakua ukiizunguka.

Halafu kuna habari ya maktaba. Mwaka 1801 msomi Mwingereza, Edward Daniel Clarke, aliondoka Patmo na miswada kadhaa, mmoja wao ukiwa na maandishi ya mwanafalsafa Plato yaliyonakiliwa mwaka 895. Leo uko Oxford. Ukiusikia mkasa huo haraka utasema: hayo ndiyo ya kukaribisha wageni! Mimi naona vingine. Clarke alisimulia kwamba aliikuta miswada imetupwa sakafuni. Iliondoka kirahisi kwa sababu hapakuwa na aliyeithamini. Monasteri hiyohiyo bado ina kurasa za Injili ya Marko za karne ya 6, zilizoandikwa juu ya ngozi ya rangi ya zambarau. Hazina kama hiyo inahitaji macho mengi na fedha za kuitunza, na mgeni analeta vyote viwili. Kwa hiyo makumbusho yawe wazi, hata siku nzima.

Pango ni jambo jingine kabisa. Ni dogo, limeunganishwa na kikanisa, na kilichomo ni mwamba: ufa wenye matawi matatu, ambao waumini huuona kuwa ishara ya Utatu, na shimo ambamo yasemekana Yohana alilaza kichwa. Kundi la watu thelathini likiingia, aliyepiga magoti hana pa kukaa wala utulivu wa kumaliza sala yake. Wapo wanaojibu kwamba wataalamu wengi hawaamini kuwa mwandishi wa Ufunuo ni yule mtume, hivyo pango ni mapokeo tu. Sawa, lakini mwamba ule umeombewa kwa karne nyingi, na heshima yake haingoji wataalamu wakubaliane.

Ningepinga kuwachuja watu mlangoni kwa dini yao. Nani atajua mtalii aliyevaa kofia ya jua amebeba msiba gani? Kipimo kiwe saa na idadi. Asubuhi mpaka adhuhuri pango liwe la sala tu, bila makundi wala waongozaji, na baada ya hapo waingie wachache wachache. Wafanyabiashara wa Skala watalalamika, kwa haki, maana meli hazikai sana bandarini. Hata hivyo, abiria atakayelikosa pango bado atakuwa na monasteri nzima ya kuona kabla honi haijalia.