Kaa wa mazingira

Mgahawa wetu uko Kigamboni, meza nane na jiko moja. Mama anapika, mzee anapokea wageni, mimi ni mtu wa sokoni. Tuliishi vizuri tu mpaka mzee alipoalikwa semina ya mazingira, siku mbili na posho, akarudi mtu mwingine.

Kwanza akapiga marufuku samaki wachanga jikoni. Hilo sina ugomvi nalo. Changu wa ukubwa wa kiganja utamla wapi? Kisha mirija ya madafu ikawa ya bua la mpapai, wateja wakawa wanakunywa kwa sura ya mtu anayemeza klorokwini. Mifuko ya rambo ilishakatazwa nchi nzima tangu Juni 1, 2019, lakini mzee akaikataa hata ile mifuko mbadala. Alisema mingi ni plastiki iliyovaa baibui. Tukahamia vikapu vya ukindu.

Jumamosi moja tukapata oda ya kaa 12. Alfajiri nikavuka kwenda soko la Feri na agizo la mzee kichwani: kaa wasifungwe kwa nailoni. Muuzaji akanitazama kuanzia kandambili hadi kofia.

"Sasa tuwafunge na nini?"

"Ukindu."

"Bosi wangu, hawa ni kaa, si mchicha."

Akafunga, hela ilikuwa yangu. Nikawafunika kwa kipande cha khanga nikapanda pantoni. (Daraja la Nyerere lipo tangu 2016, ila kwa mzee kuzunguka Kurasini ni kuchoma mafuta bure.)

Sasa, kila msuka mikeka anajua kwamba ukindu ukilowa unalainika. Mimi nilijulia pale pantonini, nikiwa nachezea simu. Nikasikia kwaru, kwaru miguuni. Kutazama, khanga inatembea.

Wa kwanza akadaka pindo la dera la mama mmoja mwenye beseni la vitumbua. Wa pili akaingia chini ya guta. Ningewahi kuwakusanya kimyakimya, lakini nyuma mtu akapiga kelele, "Nyoka!" Neno hilo halina mtu wa kusubiri uthibitisho. Watu wakapanda juu ya bodaboda zisizo zao. Babu mmoja mwenye kanzu akaikunja hadi magotini, miguu myembamba kama mpini wa mwiko, akisoma dua kwa sauti.

Na ushauri ukaanza kumiminika. "Mmwagie maji!" "Mwache, ataachia mwenyewe!" Muuza karanga akauliza bila haya, "Huyo wa kwenye dera, unauzaje?"

Mvuvi mmoja ndiye aliyeniokoa. Aliwanyanyua kwa nyuma, hapo kwenye miguu ya kuogelea ambapo gando halifiki, mmoja baada ya mwingine, huku akicheka mpaka machozi. Wakarudi kikapuni 11.

Wa 12 nilimwona kwenye ukingo wa lango. Nikamzuia kwa mguu. Akaibana kandambili yangu kwa gando lile kubwa, nikavuta, akavuta, kandambili ikanitoka, na wote wawili wakadumbukia baharini. Kandambili ikaibuka. Kaa hakuibuka. Nikaitazama ikielea zake kuelekea bahari kuu, ya bluu, nimeinunua wiki ile ile.

Nyumbani nikaingia mguu mmoja pekupeku, nikaeleza yote. Mama akahesabu kaa, akahesabu tena, akasema huyo mmoja atakatwa kwenye posho yangu. Mzee hakusema kitu. Alichukua chaki akaenda kwenye ubao wetu wa nje, ule wa bei, akaandika kwa herufi kubwa: KWA KILA KAA 12 TUNAONUNUA, MMOJA TUNAMRUDISHA BAHARINI.

Wateja waliupiga picha ubao ule mchana kutwa. Kuhusu kandambili hakuandika kitu.