Jumapili ya Wajerumani na baraza la Ngamiani

Mgeni anayehamia Ujerumani hahitaji mwalimu wa kumfundisha neno Ruhe. Wanalitamka karibu na "rue", na litamfuata popote aendapo. Mgahawa uliofungwa Jumatatu umebandika Ruhetag mlangoni, siku ya mapumziko. Kwenye treni kuna behewa la Ruhebereich, ukipokea simu humo utatazamwa hadi ujute. Mzee aliyestaafu yuko kwenye Ruhestand. Marehemu naye huombewa Ruhe, kama Wakatoliki wa kwetu wanavyomwombea raha ya milele. Lakini jirani wa ghorofa ya chini akikupigia kelele "Ruhe!", ujue hakuombei raha yoyote. Anakuambia unyamaze.

Ugomvi wangu na neno hili unaanzia hapo. Limebeba mapumziko, utulivu na kimya kwa mkupuo mmoja, na kadiri ninavyokaa huku naona wenyewe wanaishi kana kwamba ni kitu kimoja. Sisi tumevitenganisha. Nenda Ngamiani kwetu Tanga baada ya alasiri. Barazani wazee wanabishana mpira, muuza kahawa anagonganisha vikombe, redio ya dukani iko juu, watoto wanafukuzana, na bodaboda anapita akipiga honi bila sababu. Muulize yeyote aliyekaa pale anafanya nini. Atakujibu, "Nimepumzika." Na kweli amepumzika, tena kuliko mimi ninayekaa peke yangu kwenye chumba ambamo sauti pekee ni ya friji.

Huku kimya kina saa zake. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni Nachtruhe, na Jumapili ni kutwa nzima. Huruhusiwi kukata majani kwa mashine siku hiyo katika makazi ya watu. Kuna kanuni ya nchi nzima tangu 2002. Hata chupa tupu hutupi ovyo, maana pipa la vioo limeandikwa saa za kutupia, na Jumapili haimo.

Mizizi yake ni mirefu. Katiba ya Ujerumani ya 1919, iitwayo ya Weimar, ilisema Jumapili na sikukuu zinalindwa kisheria kama siku za kupumzika kazi na za kuinua roho, na Katiba ya 1949 ikakichukua kifungu hicho kama kilivyo. Berlin ilipotaka maduka yafunguliwe Jumapili zote nne za Majilio, zile zinazotangulia Krismasi, makanisa yalikwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2009 yakashinda.

Kwa hilo nawapa heko bila kinyongo. Ndugu zangu wa nyumbani hupenda kuniambia, "Huko mnakimbizwa na kazi, hamna muda wa kukaa." Jamani, si kweli. Mimi ni mtu wa ghala. Zamu ikiisha saa tano usiku, msimamizi hawezi kuniita kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu sheria inataka saa 11 za mapumziko katikati. Binti anayekaa kwenye mashine ya malipo dukani anajua Jumapili ni yake, na tajiri wake analijua hilo pia.

Kwenye karatasi Tanzania haiko nyuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa saa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ila hiyo ni kwa mwenye mwajiri. Mama ntilie hana mwajiri, wala dereva wa bodaboda, wala shangazi yangu anayekaanga mihogo hadi Jumapili usiku kwa kuwa asipokaanga hakuna wa kumlipa. Tunaposifu utulivu wa nyumbani tunawasifia wale wa barazani. Waliosimama jikoni mchana ule, wengi wao wanawake, hatuwahesabu.

Lakini kimya cha huku kikizidi kinakuwa ugonjwa. Watu wamewahi kwenda mahakamani kushtaki shule za chekechea kwa sababu watoto wanacheza! Ikabidi mwaka 2011 sheria ibadilishwe ili iandikwe kwamba kelele za watoto, kwa kawaida, hazihesabiwi kuwa madhara kwa mazingira. Mswahili ukimsimulia hilo atadhani unamtania.

Na nisijifanye kwetu kila kelele ni ya heri. Kigodoro kikipigwa hadi alfajiri, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku analala wapi? NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilipozifungia baa kadhaa mwaka 2023 kwa kelele, wengi walilalamika kwamba starehe zinaingiliwa. Mimi niliunga mkono. Ila wanaoniuliza tuige nini Ujerumani wasianze na spika. Waanze na shangazi: bima ya afya na akiba ya uzeeni kwa waliojiajiri, mkopo usiodai marejesho ya kila siku, ili apate siku moja kwa wiki ya kutowasha jiko. Akishaipata, aende akapige soga barazani kwa sauti anayoitaka yeye.