Kakamatwa, haya mtafute!

Hivi ndugu yako akikamatwa Texas, unaanzia wapi? Jimbo lina kaunti 254, kila moja na sherifu wake (mkuu wa polisi na jela ya kaunti), na tovuti nyingine utadhani zilitengenezwa enzi za Nuhu. Unasema yuko Houston? Houston ipi? Mji wenyewe umetapakaa kaunti tatu: Harris, Fort Bend na Montgomery!

Ukitafuta mtandaoni ndiyo balaa. Huko juu wamejipanga wachuuzi wa taarifa za watu: "Tumempata! Tunakagua kesi zake... tunakagua ndoa zake..." Kimstari kinatambaa weee, halafu? Lete kadi ya benki. Nilipie nini, wakati masherifu wengi wanaitoa bure orodha ya waliomo jela? Ila hiyo bure imefichwa ukurasa ambao hata jini hafiki.

Ukiipata, andika jina kama alivyoliandika karani wa zamu ya usiku. Sasa enyi akina Mwinyimkuu na Nshimirimana wenzangu, mnadhani kaandikaje? Jaribu Mwinimku. Jaribu Winnie! Ukikosa kabisa, labda bado anachukuliwa alama za vidole. Au katoka kwa dhamana zamani, yuko kwake anakula ugali, simu kazima.